Jiwe Lililogeuka Figa: Uchambuzi wa Kisa cha Kutafuta Mpaka Ukingoni mwa Msitu

## Usuli

Kisa hiki kinahusu familia mbili zinazopakana katika kijiji kimoja kusini mwa msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya. Nimeondoa majina ya watu, jina la kijiji, nambari za mashamba na mwaka wenyewe. Vipimo nimeviacha kama vilivyoandikwa siku ile, kwa kuwa bila vipimo kisa cha mpaka hubaki maneno matupu. Familia hizi nitaziita ya Mashariki na ya Magharibi, kulingana na upande ambao kila moja inalima. Mimi nilihusika kama msaidizi wa sheria wa kijamii niliyeombwa na pande zote mbili kusimamia siku moja ya kutafuta alama za zamani za mpaka. Kosa moja kubwa katika kisa hiki ni langu mwenyewe, nami nitalieleza mahali pake.

Mashamba yote mawili yanaanzia kwenye barabara ya murramu upande wa kusini na kupanda polepole hadi ukingo wa msitu wa serikali upande wa kaskazini. Yalipimwa na kuandikishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, chini ya Sheria ya Uamuzi wa Ardhi ya mwaka 1968, wakati ambapo kamati za wazee zilitembea shamba kwa shamba zikikubali mipaka iliyokuwapo tayari badala ya kuchora mipya. Wenye mashamba waliambiwa wapande ua au mstari wa mimea ili mpaka uonekane, na ramani zikachorwa kutokana na kazi hiyo. Hapa mpaka ulipandwa makonge, na katikati, mahali ambapo mstari unapinda kidogo, kukawekwa jiwe.

Miaka ilipita. Familia ya Mashariki iliacha kulima sehemu ya juu na kupanda mikaratusi, na baada ya mikaratusi kukatwa mara mbili na kuchipua tena, mapera ya ndege, miiba na mimea ya kutambaa ikafunika yote. Kufikia wakati wa kisa hiki, nusu ya juu ya mashamba hayo ilikuwa kichaka ambacho mgeni asingekitofautisha na msitu wenyewe. Mahali pengi ukingoni mwa msitu huu, ukanda wa majani chai wa Nyayo, uliobuniwa mwaka 1986, ndio unaowaonyesha watu serikali inaanzia wapi. Katika kijiji hiki ukanda huo haukufika.

Ugomvi ulianza mnunuzi wa nguzo za stima alipokuja kuhesabu mikaratusi iliyokomaa. Familia ya Mashariki ilidai kuwa mpaka ni mstari wa makonge. Familia ya Magharibi ilidai kuwa mpaka ni njia ya miguu ambayo watoto wamekuwa wakipita kwenda kuteka maji, iliyo mashariki zaidi. Kwenye barabara pande zote zilikubaliana: mpaka unaanzia kwenye kichaka kikongwe cha mnyaa, ule mmea wa utomvu mweupe ambao Wajaluo huuita ojuok. Kutoka hapo madai mawili yalizidi kuachana hadi kufika tofauti ya mita 9 kwenye ukingo wa msitu. Ukipiga hesabu, pembetatu hiyo haifiki robo ya ekari. Lakini ndani yake mlikuwa na miti ya bei, na miti minane ilikuwa imekwisha kuangushwa.

Familia ya Magharibi ilikimbilia mahakamani ikarudishwa. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 kinasema kwamba, isipokuwa pale mipaka ilipothibitishwa rasmi, ramani huionyesha kwa kukadiria tu, na mahakama haisikilizi kesi ya mpaka kabla mpaka haujaamuliwa kwa utaratibu wa kifungu hicho. Maana yake ni kwamba mlango wa kwanza ni wa msajili wa ardhi. Kabla ya kumwita msajili, wazee walishauri kuwa familia zitafute pamoja zilicho nacho ardhini, ili msajili atakapofika asikute watu wawili wanaomwonyesha vichaka viwili. Ushauri huo ulikuwa mwema, na Katiba yenyewe, katika ibara ya 159, inahimiza njia za namna hiyo.

## Karatasi na kumbukumbu kabla ya siku yenyewe

Tulikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa nakala ya ramani ya usajili kwa kipimo cha 1:2,500, ambapo milimita moja ya karatasi ni mita mbili na nusu za ardhi. Mpaka wetu ulikuwa na urefu wa milimita 56, yaani mita 140, na pindo lake lilikuwa milimita 32 kutoka barabarani, yaani mita 80. Mtu akichora kwa kalamu ya risasi isiyochongwa vizuri, unene wa mstari wake pekee unaweza kumeza zaidi ya mita moja. Ilinibidi nilirudie jambo hili mara tatu mbele ya vijana walioamini kuwa ramani ya serikali hupima hadi upana wa kidole.

Karatasi ya pili ilikuwa na nambari za mahali zilipo bikoni, yaani alama za kudumu za wapima, za mpaka wa msitu. Mpaka wa msitu, tofauti na wa mashamba, ulipimwa kwa vyombo na kuwekewa vyuma ndani ya saruji. Ramani ya mashamba ilionyesha bikoni moja kama milimita 9 mashariki mwa kona yetu ya juu, yaani mita 22 na kidogo. Tukiipata bikoni hiyo, tungekuwa na mahali pa kusimama.

Kumbukumbu za watu tulizikusanya kwa namna ambayo leo naijutia. Liguru, yaani mzee kiongozi wa kijiji, alinitayarishia orodha ya wazee saba wa kuhojiwa, wote wanaume wa koo mbili husika, na wengi wao walikuwa watoto wadogo wakati wa upimaji. Walisema yale waliyosimuliwa na baba zao. Mmoja tu ndiye aliyeongea kama aliyeona kwa macho yake, naye hakuwa wa familia yoyote: mzee aliyewahi kuajiriwa kushika mnyororo wa wapima. Nitamwita Mshika Mnyororo.

## Siku yenyewe

Tulikutana Jumamosi moja ya Aprili, saa moja asubuhi, kwenye kichaka cha mnyaa. Tulikuwa watu 14: wanne kutoka kila familia, liguru na mzee mwenzake, Mshika Mnyororo, skauti wa chama cha msitu cha wenyeji, mwandishi wa kumbukumbu, na mimi. Naibu wa chifu alikuwa na habari ingawa hakuja. Aprili ni mwezi mbaya kwa kazi hii. Mvua za masika zinakuwa zimekolea, majani yamejaa, na katika sehemu hizi za magharibi mawingu hujikusanya asubuhi na kumwaga alasiri. Tuliichagua kwa sababu mnunuzi wa nguzo alikuwa anasubiri, sababu ambayo ukiitazama vizuri haikuwa sababu.

Kabla ya kuingia tulikubaliana masharti manne. Panga litumike kufungua njia tu, si kukata shina lolote lililo hai. Atakayeona kitu apaze sauti na kusimama, asikiguse. Kila kitu kifungwe utepe mweupe na kupigwa picha pamoja na rula. Na kuwe na madaftari mawili yenye maneno yaleyale, moja kwa kila familia, yanayosomwa kwa sauti kabla ya kusonga mbele. Sharti la daftari lilionekana la usumbufu, na wazee wawili walilicheka waziwazi.

Tulianza na bikoni ya msitu. Kijana mmoja wa Familia ya Mashariki, hodari wa simu, aliingiza nambari za ile karatasi katika programu yake na kutuongoza. Tulipanda hadi ukingoni, tukaupita, tukaendelea ndani ya msitu huku skauti akiwa mbele. Tulipita chini ya miti mikubwa, tukakanyaga siafu, tukavua viatu, tukavivaa tena. Simu ilisema zimebaki mita 90, halafu 60. Hapo Mshika Mnyororo, aliyekuwa nyuma kabisa, akasimama na kuuliza:

“Wanangu, mbona tumeuacha mwanga nyuma yetu? Bikoni ya msitu hukaa mahali ambapo upande mmoja ni giza na upande mmoja ni mwanga.”

Skauti akaunga mkono: hatukuwa ukingoni tena, na ndani ya msitu wa serikali hakuna atakayechimba bila kibali, hata kama simu itapiga kelele namna gani. Tuliketi juu ya gogo nikaitoa karatasi kuisoma upya, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, nikaona maneno “Arc 1960”. Karatasi hiyo ilikuwa mkononi mwangu kwa wiki nzima.

Kwa wasomaji wasiofanya kazi hii, jambo lenyewe ni hili. Nambari za mahali hutegemea umbo la dunia ambalo wapima walilikubali kuwa msingi. Ramani za zamani za Kenya zimejengwa juu ya msingi uitwao Arc 1960, ilhali simu na setilaiti hutumia msingi mwingine, WGS 84. Nambari zilezile katika misingi hiyo miwili huangukia mahali tofauti, na kwa sehemu zetu tofauti hiyo ni karibu mita 300 kwa upande wa kaskazini na kusini, pamoja na makumi kadhaa ya mita kwa mashariki na magharibi. Simu haikudanganya. Iliulizwa swali kwa lugha moja ikajibu kwa nyingine.

Tulilijaribu jambo hilo kabla ya kuliamini. Kijana alipanda bodaboda hadi kwenye daraja la mto lililochorwa kwenye ramani kubwa ya 1:50,000, akasimama katikati yake na kutusomea kwa simu nambari alizoziona. Nilipoziweka kwenye ramani, nukta iliangukia milimita 6 kusini mwa daraja lililochorwa na karibu milimita 2 mashariki yake. Milimita 6 kwa kipimo hicho ni mita 300. Kwa hiyo tulitakiwa kurudi kusini mita 300 hivi, na kusogea mashariki mita 80 au 90.

Kipimo cha rula juu ya ramani ya namna hiyo hakimpeleki mtu kwenye chuma chenye unene wa kidole. Kilitupeleka kwenye eneo la kutafuta, lenye upana wa kama mita 50, na kuanzia hapo kazi ilikuwa ya Mshika Mnyororo. Alitafuta mahali ambapo ardhi ina mfereji mdogo uliokaribia kufukiwa, akitembea polepole na kuburuta mguu. Mara moja alituita, kumbe ni shimo la wachimba dhahabu wa miaka ya 1930, ambayo yapo mengi sehemu hizi na yanaweza kummeza mtu mzima. Tulilizungushia utepe mwekundu tukapita mbali. Alipoupata mfereji wenyewe, tulianza kuuchoma udongo kwa kipande cha nondo kila baada ya hatua moja. Udongo wa majani yaliyooza hauna sauti, na mzizi hujibu kwa mlio mzito unaorudisha mkono. Saa sita kasoro dakika chache nondo iligonga kitu kilichojibu kwa mlio mkavu na mfupi. Skauti akaridhia tufagie kwa mikono. Chini ya majani na udongo wa kina cha sentimita 12 kulikuwa na saruji ya duara iliyopasuka upande mmoja, na katikati yake kichwa cha chuma chenye kutu. Hakuna aliyeshangilia. Mzee aliyecheka sharti la daftari aliomba asomewe nambari za picha mara mbili.

Wakati huohuo, chini kwenye kichaka, mambo yalikuwa yameharibika. Vijana wawili wa Familia ya Magharibi waliobaki nyuma kusafisha njia waliona jiwe refu lililosimama kando ya njia ya miguu. Badala ya kusimama na kupaza sauti, mmoja alilikumbatia, akaling'oa na kulibeba hadi kwetu, uso umejaa furaha, akiamini amemaliza kesi. Familia ya Mashariki ilisema papo hapo kuwa jiwe hilo lilisimikwa usiku. Maneno yakapanda, fimbo zikainuka, na liguru akalazimika kusimama katikati na kutangaza kuwa watu wale kwanza.

## Uji na chungu

Chakula kililetwa na wanawake wa pande zote mbili. Miongoni mwao alikuwa mama mkongwe, mjane wa jirani wa tatu, ambaye jina lake halikuwa katika orodha yoyote. Alikuwa akimimina uji huku watu wakibishana kuhusu jiwe, akauliza kwa utulivu:

“Hilo jiwe lenu lina vigae chini yake?”

Alieleza kwamba aliolewa kijijini mwaka ule wa upimaji. Siku kamati ilipofika kwenye pindo la mpaka, mwenye shamba wa mashariki wa wakati huo aliwakaribisha kwa mtungi wa busaa, na kazi ilipokwisha mtungi ukavunjwa na vigae vyake vikawekwa ndani ya shimo kabla ya jiwe kusimikwa juu yake. Alikumbuka kwa sababu mtungi ulikuwa wa mama mkwe wake, ulioazimwa, na haukulipwa hata siku moja.

Tulilitazama shimo lilikong'olewa lile jiwe la asubuhi. Hatukuona kigae, lakini kingo zake zilikuwa zimekwisha kubomoka na kukanyagwa, na kwa haki hatukuweza kusema lolote juu yake.

Hapo tulibadilisha mpango. Badala ya kutafuta jiwe, tuliamua kutafuta mahali. Tulipima mita 80 kutoka kwenye mnyaa kwa kamba, tukaweka kigingi cha muda, na watu wote 14 wakajipanga bega kwa bega kutoka kwenye makonge hadi kwenye njia wakatembea wakiwa wameinama. Walichoona kwanza hakikuwa jiwe wala vigae. Kilikuwa kisiki cha mti wa lusiola, kipana kuliko sufuria ya ugali, chenye machipukizi ya umri tofauti yanayoonyesha kuwa kimekatwa mara nyingi. Mita kadhaa juu yake kulikuwa na kingine, na juu zaidi cha tatu. Ukisimama nyuma ya kimoja unaviona vyote vimeshikana katika mstari mmoja, na mstari huo haukuwa wa makonge wala wa njia.

Karibu na kisiki cha kwanza, nondo ilishuka kwa urahisi kuliko mahali pengine, kama inavyoshuka penye udongo uliowahi kuchimbwa. Tulichimba kwa kijiko cha ujenzi, kila familia ikitoa mtu mmoja. Kwenye kina cha sentimita 40 vilitokea vigae vitano. Kimoja kilikuwa na ukingo wa mdomo wa chungu na alama za nyasi zilizosokotwa zilizoviringishwa juu ya udongo mbichi, kama wafinyanzi wa zamani walivyopamba. Mama mkongwe alikishika, akakigeuza, akakirudisha bila kusema neno. Mahali hapo palikuwa mita 3 mashariki mwa makonge na mita 2 magharibi mwa njia.

Jiwe lenyewe tulilikuta muda mfupi baadaye, mita 4 kutoka hapo, katika meko ya zamani ya wakata nguzo. Lilikuwa figa la tatu, limeungua upande mmoja. Saa tisa na nusu mvua ilifika ikatufukuza wote.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kutochimba ndani ya msitu ulitupotezea muda lakini haukuwa wa kujadiliwa. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 haitambui kisingizio cha kutafuta mpaka wako, na familia mbili zilizokwisha kugombana hazihitaji mashtaka ya pamoja.

Uamuzi mgumu zaidi ulikuwa juu ya jiwe la mekoni. Familia zote mbili, kwa mara ya kwanza siku hiyo zikiwa na kauli moja, zilitaka lirudishwe mahali penye vigae jioni ileile. Nilikataa. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi kinafanya kuharibu au kuondoa alama ya mpaka bila idhini ya msajili kuwa kosa la jinai, na sikutaka watu waseme baadaye kuwa alama tuliyomwonyesha msajili ni ile tuliyoisimika wenyewe. Tulivifukia vigae vinne kama tulivyovikuta, kile chenye ukingo kikawekwa ndani ya bahasha iliyotiwa saini na pande zote, na jiwe likaachwa mekoni likiwa na utepe.

Saini zilikuwa za makubaliano ya kile kilichoonekana, wala hazikuwa za mahali mpaka ulipo. Tofauti hiyo niliieleza kwa kirefu, na nadhani ndiyo iliyofanya watu watie saini.

## Matokeo

Msajili alifika pamoja na mpima baada ya kutoa notisi kwa majirani wote. Alikubali mnyaa kuwa mwanzo na mahali pa vigae kuwa pindo. Kwa kona ya juu, alipima kutoka kwenye bikoni tuliyoifukua, kwa kuwa kona ya shamba ilikuwa kwenye mstari wa msitu, mbali na bikoni yenyewe. Kipimo chake kilitofautiana na chetu kwa mita 1.2, jambo ambalo kwa ramani ya aina ile si la kushangaza. Mstari uliopatikana ulipita ndani ya pembetatu ya ugomvi, ukaacha miti kwa pande zote mbili, mingi zaidi upande wa Magharibi. Vyuma vipya vilisimikwa.

Miti minane iliyokatwa mapema haijalipwa. Kwa hesabu ya mstari mpya mitano ilikuwa ya Magharibi, lakini Mashariki wanasema ni wao waliopanda na kupalilia, na hadi ninapoandika pande hizo hazijakubaliana bei. Kijana aliyeng'oa jiwe na yule aliyemwita mwizi ni mashemeji, na hawajaketi meza moja tangu siku ile.

## Uchambuzi

Swali ambalo kila mtu aliuliza baadaye ni hili: inawezekanaje familia mbili zisizosema uongo zikaonyesha mistari miwili iliyoachana kwa mita 9? Jibu langu ni kwamba alama zao zilikuwa zimetembea, kila moja upande wake.

Mkonge huchanua mara moja tu katika uhai wake kisha hufa. Kabla ya kufa hutoa wana kutoka mizizini na kuangusha vichipukizi kutoka kwenye mlingoti wake. Kwa hiyo makonge tuliyoyaona hayakuwa yale yaliyopandwa, yalikuwa wajukuu na vitukuu. Familia ya Mashariki ililima hadi kwenye makonge kwa miaka mingi kabla ya kupanda miti, na kila msimu jembe lao liling'oa wana waliotokeza upande wao. Waliobaki walikuwa wa upande wa magharibi, ambako ardhi inashuka na hakuna aliyelima. Bila hila ya mtu yeyote, mstari ulijongea magharibi kizazi baada ya kizazi. Njia ya miguu nayo ilikwenda kinyume, kwa sababu mtoto mwenye ndoo kichwani huukwepa mwiba wa mkonge, na mvua ikifanya tope hukanyaga pembeni pakavu.

Lusiola haifanyi hivyo. Ukiikata huchipua palepale, na kisiki chake hunenepa mahali kilipozaliwa. Vigae vilivyozikwa navyo havibebwi, kwa kuwa havimfai mtu kwa lolote, tofauti na jiwe zuri ambalo kila mpishi wa porini atalitamani. Kwa maoni yangu, hapa ndipo siku yetu ilipofaulu: pale tulipoacha kuuliza jiwe liko wapi tukauliza ardhi imechimbwa wapi. Tungeanza na swali hilo tungemaliza kabla ya mvua.

Jiwe lililong'olewa asubuhi linanisumbua hadi leo. Huenda lilikuwa alama halali ya kitu kingine, labda hata ya shamba la zamani kabla ya upimaji. Hatutajua, na kosa si la kijana peke yake. Masharti niliyasoma kwa watu wote pale barabarani, kisha nikawaacha wawili nyuma bila msimamizi, nikimfuata yule mwenye simu kama wengine.

Kuhusu simu, kufundisha watu wasiiamini si dawa. Kijana yule alikuwa sahihi katika kila alichofanya kwa kadiri ya alivyoambiwa, na safari yake ya darajani ndiyo iliyotukomboa. Kilichokosekana ni jaribio la dakika kumi kabla ya kuondoka: simama mahali panapojulikana kwenye ramani, soma nambari, linganisha. Saa mbili na nusu za asubuhi, ambazo ndizo saa kavu pekee za Aprili, zilipotea kwa sababu sikusoma herufi ndogo.

Na orodha ya mashahidi. Nilipokea majina saba ya wanaume nikaona yametosha, ilhali katika koo hizi mwanamume huzaliwa penye mpaka na mwanamke huletwa, na anayeletwa akiwa mtu mzima huja na macho ya mgeni: huona mahali, huuliza, hukumbuka ni chombo cha nani kilichovunjwa. Siku hizi nikipewa orodha huuliza nani aliolewa kijijini mwaka wa upimaji, na nani alipika siku hiyo. Mtungi ule, nimeambiwa, Familia ya Mashariki imekubali kuulipa.